Siku Tano Ghorofa ya Tisa

Bweni la Wasichana
9 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Leo ni tarehe tisa Februari, na nimeapa kukueleza kila kitu katika barua hii bila kuficha hata kimoja, kwa sababu mwalimu wetu wa fasihi husema barua inayoficha ni bahasha tupu iliyobandikwa stempu.

Shikamoo, Shangazi. Mimi sijambo, isipokuwa kikohozi kidogo cha vumbi la chaki, kwa kuwa wiki hii ni zamu yangu ya kufuta ubao. Natumaini simu za wageni hazijakumaliza sauti. Mama anakusalimu sana, anasema lile gauni uliloagiza bado analitafutia kitambaa cha bitana. Barua zetu hupita mkononi mwa matroni kabla ya kufungwa, kwa hiyo naye anakusalimu, maana najua akifika hapa atatabasamu.

Sasa nianze kwa Baba. Likizo ya Desemba daktari alituambia moyo wake umepanuka. Baba akasema, "Mbona hilo ni jambo zuri, daktari? Watu wengi wana mioyo finyu." Daktari hakucheka. Siku hizi Baba analala na mito mitatu, na ngazi za kwetu, ambazo ni kumi na mbili tu, anapumzika mara mbili kabla ya kufika juu. Wewe unajua alivyokuwa akikimbia na mkoba wa vifaa. Anasema, "Mimi nimewapandisha watu wote wa mji ule kwa lifti zangu, sasa nani atanipandisha mimi?" Mama naye hacheki.

Jambo lenyewe ni hili. Unakumbuka kwamba kwa miaka kumi na moja Baba alikuwa akija huko kwenu kutengeneza lifti, na kila mara alilala katika hoteli hiyohiyo unakofanya kazi. Kila alipolala walimwandikia pointi, na hakuzitumia hata mara moja. Lile Jedwali la Zawadi walilompa bado limebandikwa nyuma ya mlango wa jikoni. Mimi nilijifunzia kugawanya kwa jedwali lile, kabla hata ya kufundishwa shuleni, na ndipo wewe ulipoanza kuniita Mwalimu. Hoteli ya daraja la kwanza, pointi elfu tano kwa usiku. Daraja la pili, elfu nane. Daraja la tatu, elfu kumi na mbili. Baba ana pointi elfu arobaini na moja. Hoteli yenu ni daraja la pili. Kwa hiyo ni siku tano, inabaki elfu moja.

Baba alimwahidi Mama zamani, nilipokuwa sijui hata kusoma, kwamba siku moja atampeleka akalale chumba cha mwisho cha korido, ghorofa ya tisa, ambako anasema asubuhi ukifungua pazia ziwa linaingia mpaka kitandani. Mama hajawahi kulala hotelini. Shangazi, mimi nadhani Mama hajawahi kulala kwenye kitanda ambacho hakukitandika mwenyewe.

Basi Baba ameamua ahadi itimizwe mwaka huu, na tutakwenda sote watatu. Alinisindikiza mpaka kituo cha basi, akaniambia, "Ama Aprili ama Agosti. Chagua wewe, maana mwenye ratiba ni wewe." Anasema nafasi za pointi hufunguliwa siku sitini tu kabla ya safari, kwa hiyo tuna muda wa kufikiri.

Tafadhali nijibu: chumba hicho cha ghorofa ya tisa bado kipo?

Mimi, binti ya kaka yako


4 Machi

Mwalimu wangu,

Marahaba, mwanangu, marahaba mara mbili, moja ya Februari na moja ya leo, kwa maana nimechelewa kujibu. Usinihukumu kwa kalamu nyekundu. Mpe matroni salamu zake, na umwambie kama anasoma barua za watu basi anipatie mume humo humo.

Mimi ni mzima. Miguu inavimba jioni, lakini hiyo ni ya umri na kiti kibovu. Sauti ipo. Siku nzima nimevaa kile kidude cha masikioni, nasema, "Idara ya Wanachama, nikusaidie nini?" Juzi niliingia dukani kununua sabuni, muuzaji akaniambia karibu, nikamjibu, "Idara ya Wanachama, nikusaidie nini?" Duka zima lilicheka.

Chumba kipo. Namba mia tisa na kumi na nne. Nilipanda leo mchana kukiangalia kwa ajili yako. Wamebadilisha mapazia, ziwa hawajalibadilisha.

Habari za moyo wa kaka nilikuwa nimezipata kwa mama yako. Yeye mwenyewe kaka hajaniambia neno. Ndivyo alivyo tangu utoto. Akikatwa na msumeno anasema amejikuna.

Sasa nisikilize, mwanangu. Kama ningekuwa ninyi, ningekwenda Aprili. Aprili hewa ya huku ni nzuri, wageni ni wachache, na lifti haina foleni. Usiniulize sana kwa nini. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwandikie baba yako umwambie Aprili.

Kazini wametuweka kwenye mafunzo wiki mbili, majibu mapya ya kukariri. Nitanyamaza hapo.

Shangazi yako


19 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilifika wiki iliyopita, na matroni alipofika pale pa mume alicheka mpaka akavua miwani. Mimi ni mzima na kikohozi kimekwisha. Nimekuwa wa tatu katika jiografia, wa kwanza katika Kiswahili, na katika hisabati sitasema, ingawa niliapa kueleza yote. Haya, nimekuwa wa kumi na tisa.

Nimesoma ushauri wako mara nyingi. Nimemuuliza pia mwalimu wa jiografia kuhusu hewa ya huko mwezi Aprili, naye akanionyesha kitabuni kwamba Aprili ndio mwezi wa mvua kubwa kuliko yote, na ziwa huwa rangi ya chai ya maziwa. Samahani Shangazi, sisemi umekosea. Labda hewa ya ndani ya hoteli ni tofauti.

Lakini sababu yangu kubwa si mvua. Sisi wa kidato cha nne tumetangaziwa kwamba Aprili hatutoki. Tutabaki hapa kwa kambi ya masomo, majuma yote matatu. Wakienda Aprili watakwenda bila mimi.

Nilikaa na jambo hili siku tatu. Nilijiambia kwamba binti mwema angesema, nendeni tu. Niliandika barua ya namna hiyo kwa Baba, nikaikunja, na sikuipeleka kwa matroni. Kisha nikaandika nyingine. Nimemwambia nachagua Agosti. Nimemwambia shule itafungwa tarehe saba, nami nitambebea mkoba, na kwenye lifti nitabonyeza mimi. Najua umesema ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini subira nayo huvuta heri, na methali zote mbili tumefundishwa na mwalimu mmoja.

Jedwali halina mwezi. Elfu nane Aprili ni elfu nane Agosti. Siku tano zitakuwa zilezile tano. Kwa hiyo sioni tunachopoteza. Wewe unakiona?

Mimi, Mwalimu wako


11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Hongera ya Kiswahili, pole ya hisabati.

Basi, iwe Agosti. Nimekusikia.

Ndani ya bahasha kuna kalamu nne na chupa ndogo ya dawa ya kikohozi, hata kama umesema kimekwisha. Soma sana. Usiwaze mambo ya watu wazima.

Shangazi yako


8 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi nina afya, lakini leo sina utulivu, na mwandiko wangu utauona umeinama.

Baba ameniandikia. Ameanza kwa habari za kuku wa jirani, kisha mashine ya Mama iliyokatika mkanda, na mwisho kabisa, kama mtu anayetaja kuwa chumvi imekwisha, amesema hoteli imeondoa jedwali. Anasema tangu tarehe mosi Juni hakuna tena daraja la kwanza wala la pili. Kila chumba kina pointi zake kwa siku yake, leo nyingi, kesho chache, na hakuna anayejua kesho kutwa. Mama alikwenda kwa fundi simu akasaidiwa kutazama. Agosti, kwa sababu ni likizo na watu ni wengi, usiku mmoja hospitalini, samahani, hotelini, ni elfu thelathini na sita, na siku nyingine ni elfu arobaini na tano. Siku zetu tano zimekuwa moja.

Shangazi, siku tano zinawezaje kuwa moja wakati hakuna aliyezitumia? Baba alizilala. Alilala mbali na sisi usiku baada ya usiku ili zipatikane. Nilipokuwa mdogo nikimlilia, Mama alikuwa akisema, "Nyamaza, Baba yuko kwenye pointi."

Nimemuuliza mwalimu wa uraia kama kitu kilichochapishwa na kupigwa muhuri kinaweza kubadilishwa na upande mmoja. Akasema inategemea maandishi madogo. Kwa hiyo nimeandika barua rasmi, kwa mtindo tuliofundishwa, yenye anwani mbili na kichwa cha habari kilichopigwa mstari. Naiweka humu. Naomba uifikishe kwa meneja wako kwa mkono, maana kwa posta inaweza kupotea. Nimeinakili hapa chini ili nawe uijue:

"Ndugu Meneja, KUH: SIKU TANO ZA BABA YANGU. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni binti wa mwanachama wenu wa miaka kumi na moja, ambaye pia ndiye aliyetengeneza lifti zenu. Baba yangu ni mgonjwa wa moyo. Hakutumia pointi zake mapema kwa sababu mimi nilimwomba anisubiri, na mimi nilimwomba kwa sababu niliamini jedwali lenu. Kosa ni langu na si lake. Naomba mtuhesabie kwa jedwali la zamani, kwa mara hii moja tu. Sisi si watu wa kuja mara kwa mara. Wako mtiifu."

Niambie kama nimekosea mahali popote. Siyo kwenye maombi, kwenye uandishi.

Mimi, binti ya kaka yako


Idara ya Wanachama
27 Juni

Ndugu Mwanachama,

Tunakushukuru kwa barua yako na kwa kutushirikisha maoni yako.

Tunapenda kukufahamisha kwamba kuanzia tarehe 1 Juni mpango wetu wa zawadi umeboreshwa. Badala ya jedwali moja lisilobadilika, idadi ya pointi kwa kila chumba sasa itafuata mahitaji ya siku husika, ili kumpa mwanachama uhuru zaidi wa kuchagua. Jedwali la awali halitumiki tena. Kwa mujibu wa kanuni za uanachama, hoteli inaweza kufanya mabadiliko wakati wowote bila taarifa ya awali. Hivyo tunasikitika kwamba hatutaweza kutimiza ombi lako.

Tunathamini uaminifu wako wa miaka kumi na moja.

Mhudumu Namba 6
Kwa niaba ya Meneja


29 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Jibu la ofisi litakuwa limekufikia kabla ya hili au pamoja nalo. Usilikunje kwa hasira ukalitupa. Soma kwanza ninayokuambia.

Mhudumu Namba 6 ni mimi.

Barua yako nilimpelekea meneja kwa mikono yangu miwili, kama ulivyotaka. Aliisoma akiwa amesimama. Akasema, "Huyu mtoto anaandika vizuri," akanirudishia nijibu. Majibu yapo tayari kwenye kompyuta, mwanangu. Unachagua lile la "jedwali la zamani", linajiandika lenyewe. Hata nukta si yangu. Niliongeza kitu kimoja tu, "wa miaka kumi na moja". Kwa kawaida tunaandika "uaminifu wako", basi, tunapiga nukta. Msimamizi aliliona neno hilo akaniuliza la nini. Nikamwambia mkono umeteleza, na karatasi imeshachapwa.

Uandishi wako hauna kosa hata moja.

Nimepekua Agosti yote, siku kwa siku. Nimepata Jumapili ya tarehe kumi na sita kwa elfu thelathini na sita, chumba kilekile, mia tisa na kumi na nne. Nimekiandika kwa jina la baba yako. Ni usiku mmoja, lakini asubuhi yake ni nzima. Mwambie mama yako. Kaka nitamwambia mwenyewe.

Wewe usiseme tena kwamba kosa ni lako. Nimekukataza. Mimi ni shangazi yako, nina haki ya kukukataza kitu.

Shangazi yako


22 Julai

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nilikukasirikia siku mbili, na kwa kuwa niliapa kueleza yote, ninakueleza na hilo. Siku ya tatu nikasoma tena lile neno uliloongeza, hasira ikanitoka.

Mimi ni mzima. Tumemaliza mtihani wa majaribio, na hisabati nimepanda mpaka wa kumi na moja.

Nyumbani wanajiandaa kama watu wanaohama. Baba ameandika kwamba usiku mmoja unatosha, kwani hata mfalme akiwa na vyumba mia hulalia kitanda kimoja kwa usiku mmoja. Mwandiko wake umekuwa mdogo sana, na mistari inateremka. Mama ameshona gauni jipya la kulalia, la rangi ya maji, na ameniuliza katika barua swali ambalo sikuweza kulijibu kwa haraka. Ameuliza, asubuhi tukiamka, kitanda tunatandika sisi au tunaacha? Anaogopa wafanyakazi watamwona mvivu. Nimemwandikia asiguse hata foronya.

Chumba ni cha watu wawili, najua. Mimi nitalala kwenye kiti. Nimejaribu hapa darasani wakati wa mapumziko, kulala kwenye kiti, na nimeweza, ila shingo. Baba atahitaji mito minne sasa. Je, mapokezi wakiombwa mito ya ziada hutoa bila kuuliza maswali?

Zimebaki siku kumi na sita kufunga shule. Nimezikata kwenye kalenda ya daftari, na mwenzangu wa kitanda cha juu anasema nahesabu kama mfungwa. Nimemwambia mfungwa hahesabii ghorofa ya tisa.

Mimi, Mwalimu wako


30 Agosti

Mwanangu,

Wiki nne leo tangu tumzike kaka yangu. Umerudi shuleni, mama yako ameniambia kwamba hukutaka kusindikizwa. Unakula? Wengine hapa wananiuliza mimi kama ninakula, nami nasema ninakula.

Pale msibani ulinipokea begi langu mlangoni, ukanishika mkono ukanipeleka kwenye kiti, ukaniletea maji. Siku tatu tulikuwa nyumba moja, sikukuambia neno ila "pole". Kila ulipoingia chumbani nilijifanya natafuta kitambaa. Sasa nakuandikia nisichoweza kukuambia ukiwa unanitazama kwa macho yale ya kaka.

Nilijua.

Mafunzo yale ya Machi yalikuwa ya jambo hili hili. Tuliambiwa jedwali litaondolewa tarehe mosi Juni, tukafundishwa majibu, tukasainishwa karatasi kwamba atakayetoa siri kwa mtu yeyote, hata wa nyumbani, hana kazi. Nina miaka ishirini na mbili katika kiti kile kibovu. Nikakuandikia habari za hewa ya Aprili. Hewa! Nawe ukaniletea kitabu cha jiografia. Nilipoisoma barua yako ya Machi, pale uliposema huoni mnachopoteza, ukaniuliza kama mimi nakiona, nilikuwa kazini, kidude masikioni, mwanachama ananiita upande wa pili, "Halo? Halo? Upo?"

Barua ya kukueleza ingesomwa na matroni, nilijiambia. Matroni naye ana ndugu. Nilikuwa na sababu nyingi, na kila moja ilikuwa ya kweli. Sikukuandikia. Mengine si yangu kuyasema.

Tarehe kumi na sita sikufuta nafasi. Alasiri, zamu ilipokwisha, nilikwenda mapokezi. Wakaniuliza, "Mgeni wako wa mia tisa na kumi na nne yuko wapi?" Nikasema amechelewa. Nikapanda. Ndani ya lifti ile kuna kadi ya ukaguzi kwenye fremu, na sahihi za kaka zimejipanga mwaka kwa mwaka, kisha zinaanza za mtu mwingine. Chumbani mito ilikuwa minne. Niliiagiza mimi, bila kuulizwa maswali, kwa hiyo hilo nimekujibu. Sikukaa kitandani. Nilikaa kwenye kiti, kile ambacho ungelalia wewe. Ni kifupi, mwanangu, ungeumia. Nikatazama nje mpaka nikachoka, nikashuka, nikaenda nyumbani.

Kanuni inasema akaunti ya mwanachama aliyefariki hufungwa na pointi zilizobaki hufutwa. Hazirithiwi. Wanaozifunga ni sisi wa Idara. Ya kaka imeniangukia mimi. Kompyuta inauliza, "Una hakika?" Nimeifungua mara tatu, mara tatu nimesema hapana.

Usinisamehe haraka. Ukitaka kukaa kimya, kaa. Nitakutumia kalamu hata hivyo.

Shangazi yako


14 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Mimi ninakula. Ninalala pia, lakini naamka mapema kuliko kengele.

Barua yako matroni alinipa mwenyewe, ikiwa imeshafungwa tena kwa gundi. Sijawahi kuona akimfungia mtu. Akasema, "Kasomee bustanini, kipindi cha kwanza nitakuombea ruhusa."

Kwanza niliandika barua nyingine kwako, ya ukurasa mmoja, yenye maneno ambayo msichana hamwandikii shangazi yake. Nimeichana. Kisha nilikaa siku kumi bila kuandika chochote isipokuwa barua moja kwa Mama; hata nukuu za darasani sikuandika. Mwalimu wa hisabati aliniita ubaoni nigawanye, nikaweka chaki chini nikarudi kukaa, naye hakuniita tena.

Nimejaribu kukuchukia kwa ajili ya Aprili, imenishinda, kwa sababu kila nikikufikia wewe najikuta mimi nimesimama mbele yako kwenye foleni. Wewe ulinyamaza. Mimi nilichagua. Ile barua ya kwanza, ya kusema nendeni bila mimi, niliiandika kwa mkono wangu na nikaikunja. Ningeipeleka tu kwa matroni, Mama angeliona lile ziwa asubuhi tano, hata kama ni rangi ya chai, na Baba angemwonyesha. Gauni lile la rangi ya maji lipo kabatini, halijavaliwa.

Hayo nilimwandikia Mama. Nilimwambia ni mimi. Jana nimepata jibu lake, ndiyo sababu leo nakuandikia. Mama si mtu wa barua ndefu, unamjua. Amesema nisijibebeshe mzigo wa watu. Kisha amenieleza kitu ambacho mimi sikukijua, na wewe hukukitaja.

Anasema Jumapili moja mwishoni mwa Machi, wiki ileile ambayo barua yangu ya kuchagua Agosti ilifika nyumbani, wewe ulipiga simu. Baba alipokea. Alipokusikia alitoka nje na simu, akakaa ukingoni mwa karo la maji, na mkakaa mkiongea mpaka Mama akamwita mara mbili chakula kinapoa. Hakusikia mlichosema. Anasema alimwona Baba akitikisa kichwa, kama mtu anayekataa kitu anachopewa. Aliporudi ndani Mama alimuuliza, "Wifi anasemaje?" Baba akanawa mikono, akakaa, akasema, "Tutamsubiri mtoto." Basi. Hakusema lingine, na Mama hakumuuliza, maana ndivyo walivyokuwa.

Wiki mbili baadaye ukaniandikia ile barua fupi kuliko zote: "Basi, iwe Agosti. Nimekusikia." Nilidhani umenikasirikia.

Shangazi, nimeisoma barua yako ya Agosti mpaka naikumbuka bila kuitazama. Umeandika kwamba hukuniandikia mimi. Hukuandika kwamba hukumwambia yeye. Umeandika, "Mengine si yangu kuyasema." Ni ya nani, kama mwenyewe hayupo? Kama alikukataza usiniambie, nadhani sasa ameshakuachia. Wewe ulinikataza kusema kosa ni langu, nami nimekutii kwa kalamu, lakini kwa moyo bado, kwa sababu kuna kitu kimoja sikijui.

Kama hakujua, basi alikuwa anasubiri siku tano, nami nilimpokonya bila yeye kufahamu, na kwa hilo nitalia kwa namna moja. Kama alijua, basi alizipima siku tano pamoja na Mama, na mimi katika mizani ya pili, moyo wake ukiwa vile ulivyokuwa, akachagua. Hapo nitalia pia, Shangazi, pengine zaidi, ila nitakuwa na kitu cha kushika nikilia. Usinionee huruma. Usinijibu kwa habari ya hewa. Akaunti yake usiifunge mpaka uwe umenijibu, maana nikijua bado iko wazi mbele yako nitaamini kwamba unaandika ukimtazama.

Nitakuwa naulizia posta kila siku baada ya kipindi cha mwisho, na matroni ameahidi ya kwako hataifungua.

Siku ile ya Machi, kabla Baba hajasema atanisubiri, ulimwambia?